Barua ya wazi kwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani: tarehe ya pili katika kisanduku cha 29

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Minnesota. Fomu rasmi, ile DD 293 ya kuomba cheti cha kuachishwa jeshi kipitiwe upya, nimeijaza kwa Kiingereza na kuituma pamoja na viambatisho vyake. Barua hii ni nyingine, na nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Mwaka 2009 jeshi lako lilianzisha mpango wa kuandikisha wageni wanaojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Mimi sikuingia kwa mlango huo, lakini sidhani nakuvunjia heshima nikikuandikia kwa lugha ambayo jeshi lenyewe liliitafuta. Tena wapo watu ninaotaka wasikie ninachokuomba, na fomu yangu hawataiona kamwe.

Nilizaliwa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, Oktoba 1992. Mama alipata grini kadi kwa bahati nasibu, tukafika Minnesota Januari 2007 katikati ya theluji, mimi nikiwa na miaka 14. Juni 2011, mara tu nilipomaliza shule, nilijiandikisha. Hakuna aliyenisukuma. Mafunzo ya awali niliyafanyia Fort Jackson, South Carolina, na kabla sijahitimu nikala kiapo cha uraia nikiwa nimevaa sare. Mama alikuwa bado na kadi. Mwanawe akawa raia kabla yake. Baadaye nikapelekwa Fort Leonard Wood, Missouri, nikafunzwa udereva wa malori.

Kazi ile niliipenda, Mheshimiwa. Nilipewa lori la Oshkosh la magurudumu kumi, na kila alfajiri kabla ya jua nililizunguka na tochi: oili, maji, mikanda, matairi, nati moja moja. Kijana wa Likoni aliyekuwa akitazama malori yakishuka feri sasa alikuwa juu kabisa ya lake mwenyewe. Picha niliyopigwa kando ya lori hilo nyanya aliitundika sebuleni, karibu na kalenda ya msikiti, na mpaka leo iko pale. Vitani sikupelekwa. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani najificha nyuma ya jeraha nisilonalo.

Sasa kosa langu. Nalieleza lote, maana nimechoka kulieleza nusu.

Juni 2013 nilivuta bangi usiku wa Jumamosi, nje ya kambi, na wenzangu wawili. Jumatatu alfajiri tukapangwa foleni ya kupimwa mkojo. Nakumbuka kichupa kilivyonitia joto kiganjani, na sajini amesimama akinitazama kama kanuni inavyotaka, na mimi nikijua wazi jibu litakalotoka. Nilipewa adhabu ya siku 45 za kutotoka kambini na kazi za ziada, na nusu ya mshahara ikakatwa kwa miezi 2. Ilikuwa haki. Minnesota imeruhusu bangi kwa watu wazima tangu Agosti 2023, lakini jeshini bado ni marufuku, na mimi nilikula kiapo cha jeshi.

Nikiwa katikati ya adhabu, Ramadhani ikielekea ukingoni, nyanya akafariki. Ndiye aliyenilea mama alipokuwa akihangaika na vibarua mjini. Sikuomba ruhusa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba aliye kwenye adhabu hapewi ruhusa, lakini ukweli ni kwamba sikuuliza. Agosti 6 nikatoka kambini na mkoba mmoja, nikapanda basi kwenda Minnesota kukaa matanga na mama.

Matanga yalikuwa siku 3. Mimi nilikaa 19.

Hizo 16 zilizobaki hazikuwa za msiba. Zilikuwa za woga. Simu ikilia naigeuza kifudifudi mezani. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, najiondoa karibu na dirisha. Mama nilimwambia nimepewa likizo, akaniamini, akanipikia mahamri ya Idi. Agosti 24 nikapanda basi tena, nikarudi mwenyewe, nikaenda moja kwa moja kwa sajini wa zamu, nikamtajia jina langu. Hakuna polisi aliyenifuata, hakuna aliyenileta na pingu. Na siku 30, ambazo askari akizipitisha huhesabiwa kuwa ametoroka jeshi kabisa, zilikuwa hazijafika.

Jeshi lilipoanza taratibu za kuniachisha, nilielezwa kwamba nina haki ya kusikilizwa mbele ya bodi kwanza. Niliiachilia haki hiyo kwa saini. Nilikuwa na miaka 20, nimechoka kwa aibu, nataka tu yaishe. Na mwenzangu wa bweni alikuwa ameniambia maneno niliyoyashika kama dua: tia saini, baada ya miezi 6 cheti hujibadilisha chenyewe kikawa kizuri.

Mheshimiwa, hakijibadilishi. Wewe unajua. Mimi nilisubiri miezi 6, kisha mwaka, kisha nikaona haya kuuliza. Uvumi huo nimeukuta tena kwa kijana wa Kikongo aliyetoka jeshini miaka mingi baada yangu, na kwa Mkenya mwenzangu msikitini, wote wawili wakisubiri. Laiti wangejua kwamba kuna fomu ya kurasa chache, kwamba haina ada, kwamba mtu ana miaka 15 tangu siku ya kuachishwa kuipeleka, na kwamba hata miaka hiyo ikipita kuna bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu, yenye uwezo wa kusamehe ucheleweshaji haki ikidai hivyo. Sheria iliyozaa bodi za mapitio ni ya 1944, ileile iliyowapa askari wa vita vikuu vya pili ada za shule. Waliokuja kabla yetu walijua kwamba jeshi linaweza kukosea kipimo.

Novemba 2013 nilikabidhiwa karatasi yangu, DD 214, ndicho cheti chenyewe cha kuachishwa. Jeshi lako lina ngazi 5 za kuachishwa. Ya kwanza ni ya heshima. Ya pili ni ya kawaida, iliyo chini ya masharti ya heshima. Mbili za mwisho hutolewa na mahakama ya kijeshi. Yangu ni ile ya katikati: masharti yasiyo ya heshima, kwa uamuzi wa kiutawala, bila mahakama. Imeandikwa katika kisanduku cha 24 kwa herufi kubwa. Na kwa kuwa ndiyo ngazi niliyopewa, nikashushwa hadi cheo cha chini kabisa siku nilipotoka, kama vile miaka 2 na miezi 5 haikuwahi kupita.

Gharama yake si ya kukumbuka tu. Ada ya shule ambayo askari huipata baada ya utumishi inataka cheti cha heshima kamili; mimi ningekuwa muuguzi kamili zamani, badala yake ni muuguzi msaidizi. Kwenye maombi ya kazi miaka ile naiacha wazi, na mwajiri akiuliza nilikuwa wapi, nasema nilikuwa nikimsaidia mama. Halafu lipo la uraia, ambalo sijawahi kulitamka mbele ya watu hadi leo. Aliyepata uraia kupitia jeshi kama mimi, akaachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema, sheria inaruhusu uraia wake ufutwe. Hakuna aliyenigusa. Lakini barua yoyote yenye nembo ya serikali ikifika, naiacha mezani mpaka watoto walale ndipo niifungue.

Nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Nimewaogesha, nimewalisha, nimewageuza kitandani kila baada ya saa 2 wasipate vidonda. Kuna mzee mmoja aliyepigana Vietnam, usingizi wake ni wa mang'amung'amu, na saa tisa za usiku hupenda kuzungumza. Aliniuliza siku moja kama nimewahi kuvaa sare, kwa namna ninavyokunja shuka. Sikuweza kumdanganya mtu ninayemkata kucha. Nikamweleza yote, hata zile siku 16.

Novemba 11 iliyofuata, siku ya kuwakumbuka maveterani, wasimamizi waliwaomba wazee na wafanyakazi waliowahi kutumikia wasimame wavalishwe beji ndogo ya bendera. Wazee walisimama kwa magongo yao. Wafanyakazi wawili wakasimama. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika sinia la keki. Yule mzee alinitafuta kwa macho mpaka akaniona, akanitazama mpaka beji zikaisha. Usiku nilipomfunika alisema neno moja tu: ungesimama. Ndipo nilipoanza kutafuta fomu. Barua yake ya kunitolea ushahidi, aliyomtamkia binti yake akaiandika, ni kiambatisho cha tatu. Cha kwanza ni cha msimamizi wangu wa kazi, cha pili cha imamu.

Sikuombi jambo geni. Julai 2018 Wizara yako ya Ulinzi ilitoa mwongozo kwa bodi zote, uliotiwa saini na Robert Wilkie, aliyekuwa akisimamia mambo ya askari wakati huo. Nimeusoma mara nyingi kuliko maagizo yoyote niliyopewa nikiwa na sare. Unasema desturi ya jeshi ni kuadhibu kwa kiasi kinachohitajika tu, kumrekebisha mtu kadiri inavyowezekana, na kumpa nafasi ya pili aliyekwisha kulipa alilokosa. Unaziambia bodi zipime ukubwa wa kosa, muda uliopita, na kama mtu amekiri na kujuta. Na unaeleza kwamba mtu hahitaji kuwa na shahada kubwa wala cheo kikubwa ili aonekane amebadilika. Tabia ndiyo yenye uzito zaidi. Hapo nilisimama nikasoma tena. Mimi sina shahada. Nina miaka ya kukunja shuka, watoto wawili, na sijapimwa tena mkojo ukatoka na kitu.

Na Wizara hiyohiyo ilionyesha mwaka 2023 kwamba inaweza kufungua mafaili yenyewe bila kusubiri mtu aombe, ilipoanza kupitia vyeti vya askari waliofukuzwa zamani kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Kesi yao si yangu. Wao hawakutenda kosa, mimi nilitenda. Nalitaja kwa jambo moja: faili zinafunguka pale wenye mamlaka wanapoamua zifunguke.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, moja langu na moja la wengine.

La wengine kwanza. Kila askari anayekabidhiwa cheti cha aina yangu apewe karatasi moja, kwa maneno mepesi, inayosema wazi kwamba cheti hakibadiliki chenyewe, kwamba kuna miaka 15, na fomu ni ipi. Asomewe kwa sauti, atie saini kwamba amesomewa, kama nilivyotia saini kuachilia haki yangu. Vijana wa Kikenya, wa Kikongo na wa Kisomali ninaowajua hawana ukoo wenye askari wastaafu wa kuwaambia. Baba zao hawakupitia huku. Sisi ndio wa kwanza, na tunaambiana uvumi.

Langu ni kwamba nisikilizwe ana kwa ana. Najua bodi inaweza kuamua kwa kusoma faili pekee. Lakini mwezi uliopita nilimketisha mama jikoni, nikamwambia ile likizo ya Agosti 2013 haikuwa likizo, nikamsomea karatasi yote, kisanduku kwa kisanduku, nikimfasiria. Hakunikemea. Tulipofika cha 24 alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kwamba ulirudi mwenyewe, wameandika wapi?"

Nilitafuta. Niligeuza karatasi. Kilichopo ni kisanduku cha 29, siku zilizopotea, chenye tarehe mbili: ya kutoka na ya mwisho, Agosti 24. Nikaweka kidole juu ya ile ya pili, nikamwambia, ni hapa, mama. Akavaa miwani akaitazama sana. Akasema, "Hii ni tarehe tu. Haisemi kitu."

Ndiyo sababu naomba kusikilizwa, Mheshimiwa, ili nieleze kwa mdomo wangu jinsi nilivyoondoka na jinsi nilivyorudi, na bodi ipime vyote viwili. Nikiitwa mbele ya bodi kule Arlington, Virginia, nitakuja. Mama amesema atakuja nami, na swali lake bado analo.

Wako mtiifu,
aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi,
Minnesota