Askari Wanapomheshimu Mwandishi wa Habari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie heshima ambayo maveterani wa Marekani waliopigana Vietnam wamempa mwandishi wa habari za vita Joseph Galloway, aliyefariki dunia Agosti 2021. Novemba 1965, katika bonde la Ia Drang, Galloway alikimbia katikati ya risasi kwenda kumbeba askari aliyeungua vibaya, na kwa tendo hilo jeshi lilimtunuku nishani ya Bronze Star mwaka 1998, ingawa alikuwa raia. Askari, ambao mara nyingi huwatilia shaka waandishi (na pengine wana sababu), walimhesabu kuwa mwenzao.

Hapa Moshi, mji uliowapokea Waganda waliokutana Machi 1979 kupanga serikali ya kushika nafasi ya Idi Amin, wapo wazee waliopigana Vita vya Kagera. Kila Julai 25 taifa huwakumbuka mashujaa, nayo ni haki yao. Lakini waandishi, wapiga picha na watangazaji walioripoti vita vile hutajwa kwa nadra mno. Napendekeza wazee hao waulizwe sasa, wangali hai, ni mwandishi gani walimwona mstari wa mbele, na majibu yao yachapishwe gazetini.

Msomaji wako,
Moshi, Kilimanjaro