Malalamiko kuhusu shindano la paka mnene na kipimo cha chakula kwenye mfuko wenu

Meneja wa Masoko,
Kampuni ya Chakula cha Wanyama,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu wa muda mrefu. Nalalamikia shindano lenu la kumpiga picha paka akiwa kwenye mizani, ambapo mwenye paka mzito kuliko wote atapewa chakula cha mwaka mzima bure. Yaani mgonjwa anazawadiwa kilekile kinachomuuguza.

Bango lenu la barabarani nimeliona pia: baba mwenye kitambi kajilaza kwenye sofa, sahani ya chipsi kuku kaiegesha tumboni, na ubavuni paka wa duara. Kwetu kitambi bado kinahesabiwa kuwa dalili ya mambo kumnyookea mtu, sasa mmekihamishia kwa paka. Yule baba ni mtu mzima, kajipakulia mwenyewe na shauri yake. Paka hafungui mfuko. Anakula alichomiminiwa.

Jirani yangu amemwingiza paka wake kwenye shindano. Kwenye mizani ya duka la nafaka alifika kilo 8.4, wakati paka wetu wengi wakubwa huwa na kilo 4 hivi. Laiti mngemwona kwa karibu! Juu ya mkia manyoya yameshikana mafundo na yamejaa mba, kwa sababu ulimi haufiki huko. Hujilamba mabega vizuri, lakini akijipinda kwenda nyuma tumbo linamzuia, anaangukia ubavu na kubaki hapohapo akihema. Mbavu zake huzipati kwa kupapasa, na za paka mwenye afya vidole huzigusa bila kubonyeza. Watu wanacheka, wanapiga picha, nanyi mnazisambaza.

Kibaya zaidi ni maelekezo ya mfuko: "kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni." Kikombe gani? Nilijaza kikombe cha chai nikapata gramu 90. Mfuko huohuo unasema gramu 100 zina kalori 370, kwa hiyo vikombe viwili ni kalori 666. Paka wa kilo 4 anayeshinda ndani huhitaji kama 200 hadi 250, na aliyehasiwa huhitaji pungufu zaidi. Jirani yangu hakumlisha paka kwa uzembe. Alifuata mlichoandika.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Kampuni ya chakula cha wanyama haiwezi kusema haijui mambo haya.

Naomba shindano lisitishwe kabla mshindi hajatangazwa, na bango lishushwe. Kwenye mfuko andikeni gramu kulingana na uzito anaopaswa kuwa nao paka, si alionao. Wapeni pia tahadhari wanaotaka kuwapunguza paka wao uzito: wasimkatie paka chakula ghafla, maana paka mnene akikaa siku chache bila kula, ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa. Wampeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Gharama ya daktari kwa paka wa washiriki wote mlipe nyinyi, kwa fungu lilelile la zawadi.

Nasubiri majibu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja, Tabata