Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Michezo ya Timu katika Urekebishaji wa Vijana

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu, ambacho kazi yake ni kupeleka michezo ya timu kwa vijana wa chini ya miaka 18 waliokinzana na sheria, wawe ndani ya vituo vya marekebisho au nje chini ya uangalizi. Hesabu zilizokaguliwa mmekwisha kugawiwa, hivyo sitazirudia.

Wapo wanaoamini kwamba mpira wenyewe hurekebisha tabia: mpe kijana gozi, atachoka, atalala, hatagombana. Kwa niliyoyaona, sikubaliani nao. Mchezo unaoendeshwa ovyo hufundisha ubabe, na mechi ambayo kocha anashangilia rafu mradi timu yake ishinde, ni heri isichezwe kabisa. Kinachomjenga kijana ni kufika kwa wakati kwa kuwa wenzake wanamngoja, kukaa benchi bila kususa, kupokea uamuzi usiompendeza na kuendelea kucheza, kisha kuketi na wenzake baada ya kipenga cha mwisho wayazungumze yaliyotokea. Programu ya Line Up Live Up, ya Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, imejengwa juu ya msingi huohuo wa kuunganisha mazoezi ya uwanjani na mazungumzo ya stadi za maisha.

Mwaka huu nilimwona kijana mmoja, mwepesi wa hasira, ambaye kila alipopulizwa kwa kosa alimfuata mwamuzi hadi usoni. Kocha hakumfukuza, juma lililofuata alimkabidhi kipenga achezeshe mechi ya wadogo zake. Mwanzoni alikipuliza kwa kusitasita, sauti ikitoka hafifu. Alipokataa bao kwa kuwa mfungaji alikuwa ameotea, wachezaji wanne walimzonga wakipiga kelele. Alinyamaza, akauweka mpira pale palipotokea kosa, akanyoosha mkono, mchezo ukaendelea. Tulipoketi baadaye alisema kwamba hakuwa akijua kuwa hata mwenye kipenga huogopa.

Limo jambo linalotukera. Katika kituo kimojawapo, kijana akivunja kanuni za bwenini hunyimwa mazoezi, wakati mwingine kwa majuma. Tunaelewa kwamba walezi wana wajibu wa kulinda usalama, na kadi nyekundu ni sehemu ya mchezo. Lakini kumfungia kijana uwanja kwa kosa lisilohusiana na uwanja ni kumwondoa yule anayeuhitaji kuliko wote. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na Kanuni ya 47 ya Kanuni za Havana za Umoja wa Mataifa za 1990 inataka kila kijana aliyenyimwa uhuru apate muda wa mazoezi kila siku, nje penye hewa hali ya hewa inaporuhusu. Kwa hiyo kamati itaendelea kudai kwamba mazoezi yasifanywe zawadi.

Kwa wasichana tumechelewa, na nasema hivi kwa majuto. Uchache wao vituoni huwakosesha hata idadi ya kuunda timu, nasi tuliuchukua uchache huo kuwa kisingizio, ilhali mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu ungeweza kuanza mapema.

Linaloniumiza zaidi ni siku ya kutoka. Kijana anavuka lango, timu inabaki ndani, na wanaomngoja nje mara nyingi ni walewale aliokuwa nao siku ya kosa. Klabu za mitaani husita kumpokea zikijua alikotoka, na hazina sababu ya kuelezwa kosa lake, kwani Kanuni ya 8 ya Kanuni za Beijing za 1985, za Umoja wa Mataifa kuhusu utoaji haki kwa vijana, inalinda faragha ya kijana. Tumeona kwamba aliyekwisha kufanya mazoezi na klabu mara mbili au tatu kabla ya kuachiliwa, kwa kibali cha kituo, huwa na mahali pa kwenda jioni ile ya kwanza.

Kamati inaleta azimio kwamba kila kijana anayekaribia kutoka apewe mwanachama mmoja wa kumtafutia klabu na kufuatana naye mazoezini kwa miezi mitatu. Naomba lipigiwe kura leo, na walio tayari wajiandikishe kwa katibu kabla ya kikao kufungwa.