Ripoti ya shule isimfunge mtoto ambaye tabia yake bado inajengeka

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya sekondari wilayani Rungwe. Naomba nafasi nizungumzie sehemu ya ripoti ya mwanafunzi ambayo wazazi wengi huipita haraka ili wafike kwenye wastani na nafasi darasani. Ni lile jedwali la tabia na mwenendo, lenye bidii ya kazi, utii, usafi, ushirikiano na uaminifu, kila kimoja na herufi yake. Herufi hizo hujazwa harakaharaka wiki ya kufunga shule, na mtoto anapohama huhama nazo.

Wengi wetu tumelelewa na usemi kwamba tabia ni ngozi. Kwa umri wa wanafunzi wetu, utafiti hauuungi mkono. Mwaka 2000 Brent Roberts na Wendy DelVecchio walikusanya matokeo ya tafiti 152 zilizofuatilia watu walewale kwa miaka, wakapima ni kwa kiasi gani mtu aliyewazidi wenzake kwa upole, bidii au woga huendelea kuwazidi baadaye. Kwa kipimo ambacho 1 ni uthabiti kamili, watoto wa chini ya miaka mitatu walipata 0.31, vijana wa umri wa chuo 0.54, watu wa miaka 30 walipata 0.64, na kilele cha 0.74 kilionekana kati ya miaka 50 na 70. Kwa hiyo hata kijana anayemaliza kidato cha sita bado yuko mbali na utulivu tunaodhani ameshaufikia akiwa darasa la tano.

Sisemi kwamba watoto huzaliwa sawa. Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza kufuatilia watoto wachanga jijini New York mwaka 1956, waliona tofauti za hulka tangu miezi ya mwanzo: wapo wanaopokea mambo mapya kwa urahisi, wapo wanaoyakataa kwa kilio, na wapo wanaohitaji muda. Mjini Dunedin, New Zealand, watoto wapatao elfu moja waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walichunguzwa wakiwa na miaka mitatu, na dalili za hulka zao za wakati huo zilionekana tena walipofikisha miaka 26. Lakini Thomas na Chess walisisitiza jambo ambalo sisi walimu tunalisahau, kwamba hulka ileile huweza kumwendea mtoto vizuri au vibaya kulingana na jinsi nyumba na shule zinavyoipokea.

Kipindi kinachonipa wasiwasi zaidi ni kile cha kuanzia darasa la sita hadi kidato cha pili. Utafiti wa Christopher Soto na wenzake wa mwaka 2011, uliohusisha zaidi ya watu milioni moja wa miaka 10 hadi 65, ulionyesha kuwa umakini katika kazi na upole kwa wengine hushuka mtoto anapoingia ujana, kisha hupanda tena kadiri anavyokaribia utu uzima. Kwa wasichana, huzuni na wasiwasi navyo huongezeka katika miaka hiyo. Yaani tunawapa watoto hukumu nzito kuliko zote katika miaka ambayo, kwa kawaida ya ukuaji, bidii na upole wao viko chini kabisa.

Nilimpokea mvulana wa kidato cha pili aliyehamia kwetu na barua iliyosema ni mvivu na mkaidi. Alipewa dawati la nyuma siku ileile, na daftari lolote likipotea darasani yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Nilipokaa naye nikaelewa kwamba alikotoka aliishi na bibi yake, akiamka kabla ya alfajiri kukamua ng'ombe na kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, ndipo aende shule. Vipindi vya kwanza alivimaliza akisinzia. Kwetu aliishi kwa shangazi yake karibu na shule, na usingizi ule ukaisha. Hata hivyo, herufi yake ya bidii ilibaki D muhula mzima, kwa sababu hakuna aliyeitazama upya.

Mhariri, sipendekezi tuache kuwakanya watoto. Mwizi wa daftari aambiwe ameiba, na mzazi aitwe. Ombi langu kwa wakuu wa shule na maofisa elimu wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ni kwamba barua ya uhamisho na jedwali la tabia viandike mtoto alifanya nini, lini, na shule ilichukua hatua gani, badala ya kumtaja kuwa ni mtu wa aina fulani. Na kwamba herufi za muhula uliopita zisinakiliwe bila mwalimu wa darasa kukaa na mwanafunzi mwenyewe. Nao wazazi wanapokuja kikao cha Juni waulize herufi hizo zimetokana na nini, kama wanavyouliza kuhusu hisabati.

Mwalimu wa malezi na unasihi,
Tukuyu, Mbeya