Tiba ya jeni ni njema, tuanze na kisigino cha mtoto

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu juu ya tiba ya jeni kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Seli shina za mgonjwa, yaani seli zinazozalisha damu, huchujwa kutoka damuni, jeni ya BCL11A, inayozima himoglobini ya kabla ya kuzaliwa, hupunguzwa nguvu maabarani ili himoglobini hiyo irudi, kisha uboho wa mifupa husafishwa kwa dawa kali inayoweza kuharibu uzazi, ndipo seli hizo hurudishwa mwilini. Bei Marekani ni dola milioni 2.2, kitanda hakijalipiwa.

Tanzania, watoto wengi wenye selimundu hufa kwa maambukizi wakiwa wadogo, ugonjwa haujajulikana. Wizara ya Afya ihakikishe kila mtoto mchanga anapimwa tone la damu ya kisigino, wenye selimundu wapewe penisilini ya kuzuia maambukizi kila siku hadi miaka 5, na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, isikatike hospitali za wilaya.

Msomaji,
Dar es Salaam