Mlitazama Ijumaa, Mimi Nilitazama Jumatano

Boston, 2 Aprili 2025

Kwa Baba na Mama wapendwa, pamoja na nyote mlioko nyumbani South B, Nairobi,

Assalaam aleikum. Idi Mubarak, na Mwenyezi Mungu azipokee saumu zenu. Mimi ni mzima, na baridi ya huku imeanza kulegea, ingawa bado sijathubutu kulitundika koti kabatini. Habari za kazi nilimweleza Mama kwa simu siku ya Idi, kwa hiyo sitazirudia. Barua hii naiandika kwa ajili ya ule ubishi uliozuka sebuleni kwenu alfajiri ya Jumamosi, daku ikiwa bado mezani, ambao naambiwa haujaisha hadi leo.

Nimeusikiliza ujumbe wa sauti wa kila mmoja wenu, hata ule wa Mjomba wa dakika tisa. Baba anasema Kaori Sakamoto wa Japani amedhulumiwa. Mjomba anasema mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye barafu yakifanyika Marekani, na Mmarekani akashinda, hakuna haja ya kuuliza mengi. Shangazi analalamika kwamba haelewi vipi mtu aanguke kifudifudi kisha apewe alama nyingi kuliko aliyesimama wima. Kitinda mimba wetu habishani na mtu. Anacheka tu, kwa sababu yeye alimchagua huyo Mmarekani, Alysa Liu, tangu mwanzo, tena kwa sababu ya zile nywele zake zenye miduara ya rangi.

Wazee wangu, naomba radhi kwa ninayotaka kusema, lakini nyote mmehukumu kesi mliyosikiliza nusu yake. Bingwa wa mchezo huu hapatikani kwa siku moja. Kuna onyesho fupi na kuna onyesho refu, na alama za yote mawili hujumlishwa. Wanawake walifanya onyesho fupi Jumatano, ambapo kwenu ilikuwa jioni, mko kwenye futari na baadaye tarawehe. Onyesho refu lilikuwa Ijumaa usiku kwa saa za huku, nanyi kwa kuwa mmetutangulia kwa saa saba mlilikuta wakati wa daku. Mimi kwa bahati nililiona la Jumatano kwa macho yangu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na mapumziko na nikapata tiketi ya kule juu kabisa katika ukumbi wa TD Garden, ambako mtu akipiga chafya anahofia kuporomoka hadi barafuni. Nilikuwa nimefunga, na jirani yangu alikuwa na ndoo nzima ya bisi.

Jambo ambalo televisheni haiwaonyeshi ni sauti. Chuma cha kiatu kinapoikwangua barafu hutoa mlio kama wa mwiko unaokomba ukoko chini ya sufuria, na ukisikiliza kwa makini unaweza kumjua anayeteleza kwa nguvu na anayeteleza kwa ujuzi, kwa maana mwenye ujuzi hasikiki sana. Sakamoto karibu hasikiki. Anapita kama mtu anayesukumwa na upepo wa mgongoni, kwa kasi ambayo wengine huifikia kwa kupiga hatua nyingi, na katika hilo Baba amesema kweli tupu. Mimi pia nilikuwa upande wake. Aliingia Boston akiwa bingwa wa dunia wa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2024. Lakini Jumatano ile alipewa 71.03 tu na akashika nafasi ya tano, wakati Liu alipata 74.58 na kuongoza. Kutoka nilipoketi sikuona kosa kubwa, ila nilipoona namba zile ubaoni nilijua kwamba amejibebesha deni la alama 3.55.

Sasa njooni kwenye Ijumaa yenu. Siku hiyo nilikuwa zamu ya usiku katika makao ya wazee ninapofanya kazi, na nilitazama nikiwa na bibi mmoja ninayemhudumia, ambaye amefuatilia mchezo huu tangu utotoni na huandika kila alama katika daftari lake kwa penseli. Sakamoto alipata 146.95. Liu alipata 148.39. Bibi yule alinionyesha hesabu zake, nami nawaletea kama zilivyo: jumla ya Sakamoto ni 217.98, na ukiondoa zile 74.58 ambazo Liu alikuwa nazo tayari mfukoni, inabaki 143.40. Hicho tu ndicho Liu alichohitaji ili wawe sawa, naye akakipita kwa karibu alama tano. Hata kama Sakamoto angefungana naye siku ya Jumatano, bado Ijumaa angeshindwa kwa 1.44. Kwa hiyo Baba, ukitaka kudai kwamba ameibiwa, ni lazima umkamate mwizi mara mbili, siku mbili tofauti.

Mjomba atajibu kwamba mwenyeji anaweza kuiba hata siku kumi. Mjomba, nakuuliza: kama waamuzi walitaka kuwapendeza wenyeji, mbona hawakumwokoa Amber Glenn? Huyu ndiye bingwa wa taifa la Marekani, na katika mashindano yake binafsi hakuwa ameshindwa hata mara moja msimu huu. Siku ya Jumatano alijaribu kuzunguka mara tatu na nusu hewani, akaanguka, na kishindo chake kilifika hadi kule juu nilikokuwa. Ukumbi mzima ulimshangilia kwa huruma, lakini waamuzi walimpeleka nafasi ya tisa, na alimaliza wa tano. Na nishani ya tatu ilikwenda kwa Mone Chiba, Mjapani mwingine. Wizi wa namna gani huo unaowaachia Wajapani nafasi ya pili na ya tatu?

Kuhusu zile kelele ambazo Mjomba alizisikia na kudai kwamba ziliwatisha waamuzi, umati ule ulikuwa na sababu yake. Tarehe 29 Januari ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana karibu na Washington, na watu 67 wakafariki, 28 kati yao wakiwa wa mchezo huu: watoto, wazazi na makocha waliokuwa wakirudi kutoka kambi ya mafunzo. Sita walikuwa wa klabu moja ya hapa Boston. Watu waliingia ukumbini na msiba wao, wakawashangilia wa nchi zote.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba shaka ya Mjomba haina mizizi. Bibi wa daftari alinisimulia habari za Salt Lake City mwaka 2002, enzi ambazo kila mwamuzi alitoa alama mbili, ya ufundi na ya uwasilishaji, na juu kabisa ilikuwa 6.0. Katika shindano la wawili wawili, Warusi Berezhnaya na Sikharulidze walipewa dhahabu mbele ya Wakanada Salé na Pelletier, halafu mwamuzi kutoka Ufaransa akasema kwamba alikuwa ameshinikizwa. Mwishowe Wakanada nao wakapewa dhahabu ya pili. Kashfa hiyo ndiyo iliyouua mfumo wa 6.0. Siku hizi kuna jopo linalotambua mtelezaji amefanya mruko gani na kama ameukamilisha, na kando yake kuna waamuzi tisa ambao kwa kila kipengele hutoa nyongeza au makato kati ya tano chini na tano juu, kisha alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na zilizobaki hutafutiwa wastani. Mwamuzi mmoja mwenye nia mbaya hawezi kufanya mengi hapo. Linalobaki, na hapa nakubaliana na Mjomba kwa nusu, ni zile alama za mpangilio, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, ambazo hutolewa kwa macho na moyo. Huko jina kubwa husaidia. Waamuzi tisa wanaweza kumpenda mtu mmoja bila kula njama yoyote, na kutupa alama mbili za pembeni hakuwezi kuondoa mapenzi ya wote. Ndiyo maana mpaka leo kuna watu wanaobishana kuhusu Sochi 2014, pale Mrusi Adelina Sotnikova alipomshinda Yuna Kim wa Korea Kusini nyumbani kwake Urusi, 224.59 kwa 219.11. Lakini angalia, Mjomba: kama jina ndilo lililoamua Boston, jina kubwa lilikuwa la Sakamoto. Liu ndiyo kwanza alikuwa amerudi baada ya kustaafu!

Hili ndilo ambalo sikuona mtu yeyote nyumbani akilitaja. Msichana huyu alikuwa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 13, akashinda tena mwaka uliofuata, na katika mashindano ya vijana aliwahi kuruka na kuzunguka mara nne hewani. Mwaka 2022, akiwa na miaka 16, baada ya Olimpiki ya Beijing na nishani ya shaba ya dunia, alitangaza kwamba ameacha. Akakaa kando ya mashindano miaka miwili. Amerudi msimu huu akiwa na miaka 19, na hakuja na mizunguko minne wala mitatu na nusu, ile miruko iliyomfanya ajulikane. Alikuja na miruko ya mara tatu aliyoitua safi, mmoja baada ya mwingine, na uso wa mtu aliyetumwa dukani na kuambiwa chenji ni yake. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa ameshinda ubingwa wa dunia tangu Kimmie Meissner mwaka 2006.

Shangazi, swali lako ndilo zuri kuliko yote, na jibu lake unalijua tangu ulipokuwa ukipeleka kwaya ya shule kwenye tamasha la muziki. Kumbuka ulivyokuwa ukiteta kwamba kwaya iliyochagua wimbo mgumu na kukosea ubeti mmoja ipewe haki yake mbele ya iliyoimba wimbo wa chekechea bila kosa. Barafuni ugumu una bei iliyoandikwa. Mruko wa Lutz wa mizunguko minne una alama 11.50. Mtu akiuzungusha wote kisha akaanguka, hukatwa hadi nusu ya bei, yaani 5.75, na hukatwa alama moja zaidi kwa kuanguka, akabaki na 4.75. Mruko wa Axel wa mizunguko miwili na nusu, ukifanywa bila nyongeza wala kosa, ni 3.30. Ndiyo maana aliyelala chini anaweza kumpita aliyesimama. Mimi binafsi naona bei hiyo ni ya huruma mno. Mtu akilala barafuni katikati ya muziki, onyesho limekatika, na alama moja haiwezi kuwa fidia ya kutosha. Lakini si wizi. Iliandikwa kabla ya mchezo kuanza.

Kwa upande wa wanaume nitasema kidogo, kwa sababu ubishi wenu haukufika huko. Ilia Malinin wa Marekani alishinda kwa 318.56 na hakuna aliyemkaribia. Ajabu ilikuwa nyuma yake. Yuma Kagiyama wa Japani alitoka onyesho fupi akiwa wa pili, akimzidi Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan kwa alama 12.32, na kila mtu, mimi nikiwemo, alikwisha kumvisha nishani ya fedha. Siku ya Jumamosi Kagiyama aliyumba mruko baada ya mruko, Shaidorov akalipa deni lote na kumpita kwa alama 9.28. Baba, deni la Sakamoto lilikuwa 3.55 tu, na halikulipika.

Kaka ameniuliza kama naweza kuteleza siku hizi. Bado nashika ukuta, kama tulivyoushika kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari siku ile, wale vijana wa Ice Lions, timu ya magongo ya barafuni, wakitupita na magongo yao kama matatu za Mombasa Road, nasi tunawacheka ilhali sisi ndio tuliolowa suruali.

Mwisho ni ile zawadi tuliyowekeana. Baba, nakuhakikishia kwamba haikuwa kamari: tulikubaliana tu kwamba ambaye chaguo lake litashindwa atanunua halua ya Idi kwa nyumba nzima, na mimi nilimtaja Sakamoto. Nimemtumia Mama pesa za kilo mbili, za Eastleigh kwenye lile duka la kona, si kwingine. Kitinda mimba akate kwanza, kipande anachotaka yeye. Cha Mjomba kifunikwe kwenye sahani mpaka akae na kulitazama onyesho la Jumatano lote, bila kuruka hata dakika moja, na bando nitamnunulia mimi.

Wasalimieni majirani.

Ni mimi mwanenu.