Redio za usiku zituambie kilicho juu ya vichwa vyetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye vituo vya redio, hasa wanaopanga vipindi vya kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala moja Industrial Area, karibu na Barabara ya Enterprise. Sisi masoja ndio wasikilizaji wenu waaminifu. Televisheni haturuhusiwi, kulala haturuhusiwi. Kinachobaki ni simu ya kabambe yenye redio, waya mmoja sikioni, sikio la pili tumeliachia lango.

Na tunasikia nini? Muziki, wapenzi wanaogombana hewani, na mtabiri anayeuliza ulizaliwa mwezi gani ili akuambie kama utapata pesa. Nyota zimo redioni kila usiku, ila ni za kutabiria tu. Ninachoomba ni dakika mbili, kwa Kiswahili, mtu atuambie angani kuna nini usiku huo na wataalamu wamegundua nini karibuni.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote. Kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne ulikuwa ndani kabisa ya kivuli cha dunia, mwekundu kama udongo wa Murang'a, mawingu yakitupa nafasi na kutunyima. Mwenzangu wa langoni alikuwa na habari tangu mchana, maana msikitini kwao walitangaziwa swala ya kupatwa kwa mwezi. Mimi nilikuwa na kituo kimoja sikioni tangu niingie zamu na hakuna aliyetamka neno. Asubuhi, nikiwa kwenye matatu ya kurudi Kayole, mtangazaji wa kituo hichohicho akasoma kwa bashasha kwamba Wakenya walijionea mwezi mwekundu. Sikitaji jina; si hicho peke yake. Lakini kupatwa kwa mwezi hujulikana miaka mingi kabla, hadi dakika. Si ajali ya barabarani kwamba lazima itokee kwanza ndipo itangazwe.

Binti yangu hunipakulia podikasti za Kiingereza za elimu ya anga, na nyingine ni tamu kweli. Mojawapo ni StarDate, ya kituo cha kuchunguza nyota cha McDonald cha Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Ilianza mwaka 1977 kwa ujumbe uliorekodiwa kwenye simu: unapiga, unaelezwa anga ya leo. Mwaka 1978 ikaanza kurushwa redioni kwa jina la StarDate, dakika mbili kwa siku.

Shida ni kwamba anga wanayoieleza wenzetu wa huko si yetu. Wakisema tafuta Nyota ya Kaskazini, mimi niko Nairobi, kama digrii moja na robo kusini mwa ikweta, na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Hata nipande paa la ghala siioni. Wakieleza mwezi mchanga, wa kwao husimama. Wetu hulala chali, pembe zote mbili juu. Kwa upande mwingine tuna bahati ambayo huko Texas wengi hawana. Jioni za mwezi wa Mei tunaona Msalaba wa Kusini upande mmoja na zile nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, bila kuondoka tuliposimama. Hilo atalisema nani, kama si mtu wa hapa? Tena atuelekeze kwa njia tunayoijua: tazama upande wa Ngong, sasa geukia Embakasi. Na amwambie mwenzangu, maana mimi hanisikii, kwamba sayari ya Zuhura (Venus) si ndege inayosubiri kutua.

Najua atatokea wa kusema Nairobi haina nyota, ina mulika mwizi. Kweli taa zimemeza nyingi. Lakini mwezi, Zuhura na sayari ya Mshtarii (Jupiter) havizimwi na taa ya mtaa, na hivyo vyatosha kuanzia. Isitoshe, kuna usiku taa zenyewe hutuachia. Agosti 25, 2023 stima zilipotea nchi nzima. Ilipofika saa nane usiku mwezi ulikuwa umeshatua, jenereta ya jirani imeishiwa dizeli, na juu ya Industrial Area ikatokea anga niliyoiacha kijijini. Kilimia, kile kishada cha nyota, kimepanda mashariki, ambacho wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Juu yake kidogo palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa sana, na kingine cha manjano kimeshapita utosi. Madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kupakia walishuka, tukaanza kubishana: setilaiti, droni, ndege ya jeshi. Redio zilikuwa hewani, za kwetu kwa betri na za wenyewe kwa jenereta. Nchi nzima iko gizani, wengi wako nje, na katika vituo vyote nilivyopitia hakuna aliyesema inueni macho. Baadaye ndipo nikajua kwamba cheupe kilikuwa Mshtarii. Cha manjano kilikuwa sayari ya Zohali (Saturn), na zilibaki kama siku mbili tu ifike mkabala na jua, wakati inapokuwa karibu nasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Usiku kama huo haupangwi, na ulipita bure.

Halafu elimu hii ina sauti zake, na hapo redio inaishinda televisheni. Angani hakuna hewa ya kutuletea sauti, lakini wataalamu hugeuza mawimbi waliyoyanasa yakasikika. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi Cambridge, alinasa mipigo iliyorudi kila baada ya sekunde 1.3 bila kukosea. Ilitoka kwenye mabaki ya nyota iliyokufa, madogo, mazito ajabu, yanayozunguka bila kuchoka. Wekewa mipigo ya namna hiyo sikioni saa tisa usiku uone kama usingizi utakaa. Septemba 14, 2015 mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa mtikisiko wa mashimo meusi mawili, yale mazito yasiyoachia hata mwanga utoke, yaliyogongana mbali sana, habari ikachukua takriban miaka bilioni 1.3 kutufikia. Sauti yake haifiki sekunde moja: inaanza chini, inapanda, inakatika. Nilimwekea mwenzangu akasema, "Ni hiyo tu?" Nikamjibu ni hiyo tu. Akaniomba nirudie. Na kuna Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico, aliyepoteza uwezo wa kuona na bado akaendelea na utafiti wa nyota kwa kusikiliza takwimu zake. Asitokee basi mhariri wa vipindi akasema anga ni mambo ya picha.

Wala habari hizi si za ng'ambo tu. Desemba 12, 1970, Siku ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Vipimo vyake vilisaidia wataalamu kushuku kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miale hiyo, ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Mwenzetu wa zamu ya mchana ni mzaliwa wa Malindi na hajawahi kulisikia jambo hili.

Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, upana wa mita 2.5, ilianguka Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni kipande cha roketi. Maelezo yalikuwepo, lakini katika kipindi nilichokuwa nasikiliza wapigaji simu walikuwa bado wanajadili mwisho wa dunia, na mtangazaji akiwachochea.

Mchana wa Agosti 2, 2027 jua litapatwa. Giza kamili litapita Misri, Saudi Arabia, Yemeni na kaskazini mwa Somalia. Kwetu litamegwa sehemu tu. Kwa kuwa litabaki linawaka, hakutakuwa na dakika hata moja salama ya kulitazama kwa macho makavu. Watoto wataambiwa lini, Agosti 3? Anzeni sasa, baada ya habari za saa sita usiku. Chuo Kikuu cha Nairobi kina wanafunzi wanaosomea elimu ya anga. Wapeni nafasi warekodi kwa simu zao. Mdhamini akikosekana, jaribuni wauza tochi.

Jina langu unalo, Mhariri. Naomba usilichapishe, maana mwajiri wangu naye husoma gazeti hili.

Mlinzi wa usiku,
Kayole, Nairobi